Sufuria Kichwani, Moto Mgongoni

Kazi yangu ni kutoamini. Nafanya kazi katika ghala la nafaka mjini Arua, na ninachotakiwa kufanya ni kusimama mlangoni na kile chuma chembamba chenye mfereji, nikichome ubavuni mwa kila gunia linaloingia, nikitoe, nitazame kimekuja na nini. Juu ya gunia ufuta huwa mweupe na mkavu, wa kuonyesha wageni. Katikati ndipo hukaa mchanga, maganda, na punje zilizomwagiwa maji ziongeze uzito. Nimeifanya kazi hiyo mpaka hata nikiletewa pilau harusini, kijiko changu huanzia chini ya wali.

Kwa hiyo mtu alipokuja kumposa mama yangu, msitarajie kwamba nilipiga vigelegele.

Mama alikuwa mjane wa miaka mingi. Tuliishi wawili tu katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, mimi nikitoka asubuhi kwenda ghalani, yeye akibaki barazani kusuka vifuniko vya sinia, vile vya rangi rangi ambavyo wanawake wa Kinubi wanasifika kwavyo. Sisi ni uzao wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za vita vya watu wengine. Bunduki zilikwisha, tukabaki na dini, na vifuniko, na desturi ya kumchunguza mtu hadi ukucha kabla ya kufunga ndoa. Ila safari hii desturi ililala. Mposaji alifika kwa wajomba zangu na sukari, kahawa na ulimi mzuri, na wajomba waliridhika kabla kahawa haijapoa. Wakamwambia mama atoe neno lake.

"Ngojeni kwanza," mama alisema.

Hakusema anangoja nini. Nilidhani naye amenusa kitu. Akisema ndiyo, angehamia Koboko kwa mume, na kama mume huyo alikuwa gunia la mchanga, ni nani angemjua mama huko? Niliamua kumchoma mimi, kabla mama hajafungua mdomo.

Sasa niwaambie mtu mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa vijei. Kwetu vijei ndiye anayekaa pembeni ya skrini katika banda la video, kipaza sauti mkononi, akiipunguza sauti ya filamu na kuwaambia watu kwa Kiswahili nani anasema nini. Sauti zote hutoka kinywani mwake: mzee, mtoto, farasi, bomu. Huyu alikuwa maarufu. Jumamosi alasiri alikuwa Onduparaka, pembeni mwa mji wetu wa Arua, na Jumanne, siku ya soko, alikuwa kwao Koboko. Mtu anayelipwa ili aseme kwa vinywa vya watu wengine! Nilijiuliza, siku akitaka kusema lake mwenyewe, nitalijuaje?

Nilianza kwenda Onduparaka. Ilibidi nichague Jumamosi zisizo na mpira, maana siku ya mpira huko hata mwizi haibi. Banda lilikuwa na mabenchi ya mbao na pazia jeusi la gunia mlangoni. Wanawake tulikuwa wachache, tumekaa nyuma. Mama hajawahi kuingia mle maishani mwake, kwa kuwa mwanamke wa rika lake na heshima yake haonekani bandani. Nilivuta mtandio usoni nikakaa.

Filamu ilikuwa ya mambo yajayo, lakini mambo yajayo kama walivyoyawaza watu waliokwisha kufa. Mji ulikuwa na maghorofa yaliyounganishwa kwa madaraja huko juu mawinguni, ndege zenye matumbo ya samaki zikipita katikati, na hata hivyo wanaume wote walivaa kofia za babu zetu na simu zilikuwa na waya. Kulikuwa na watu wa bati wenye misumari kifuani, wakitembea kama mtu aliyekaa vibaya msikitini mguu ukafa ganzi. Kulikuwa na mzee mbaya mwenye joho refu na mashine ya kuiba radi. Na kulikuwa na shujaa, koti la ngozi, injini mgongoni ikitema moto, na kofia ya shaba iliyofunika kichwa hadi kidevuni. Banda zima lilimwita Sufuria. Sufuria alikuwa akimwokoa mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kumetameta, mtu mzima, mwenye mvi upande mmoja wa kichwa, ambaye ndiye aliyeichora ile mashine ya radi kabla haijaibwa.

Picha ilikuwa na mikwaruzo, ikirukaruka na kuingia giza pembeni. Watu walisema, aa, hii ya zamani sana. Mimi niliacha kumtazama Sufuria nikatazama mikwaruzo. Mmoja ulikuwa na umbo la ndoana, juu upande wa kushoto. Ulipita. Baada ya muda ukapita tena, uleule, mahali palepale. Mkwaruzo wa kweli haurudi kusalimia. Ilikuwa imechorwa makusudi! Filamu mpya iliyojizeesha, sawa na wale wanaotundika kikapu kipya jikoni kishike moshi, halafu wakawauzie wageni kwamba ni cha bibi. Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa nimechoma mara moja tu na mchanga ulikuwa umeanza kumwagika.

Kisha kulikuwa na suala la miisho. Filamu ilikatwa vipande, na kila kipande kiliishia pabaya. Jumamosi hiyo Sufuria alifungwa kamba ndani ya puto kubwa la kuruka, puto likashika moto, likaugonga mlima, likalipuka. Mwisho. Watu walitoka wakipiga kelele. Nilirudi kipande kilichofuata kuona maziko yake. Hapakuwa na maziko. Walituonyesha mlima uleule na moto uleule, ila sasa, kabla ya kugonga, Sufuria amejifungua kamba na kuruka nje.

Nilimgeukia mwanamume wa makamo aliyekaa benchi la mbele yangu, muuza mihogo kutoka Aroi.

"Huyu alikufa," nilimwambia. "Mara iliyopita hakuruka."

"Aliruka."

"Uliona?"

"Wao hapana onyesha," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Lakini aliruka. Kama hapana ruka, sasa huyu ni nani?"

Banda zima la watu wazima, na hakuna aliyedai kipande ambacho hatukuonyeshwa. Ghalani wangenyonywa hadi mifupa.

Nilimsikiliza vijei kwa makini. Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Sufuria wake alikuwa mropokaji, mwenye majivuno, akiruka juu ya maghorofa huku akiwatukana waamuzi wa mpira wa Onduparaka. Watu walilia kwa kucheka. Lakini kila mwanamke yule wa gauni alipofungua mdomo, vijei alishusha sauti. Hakuigiza sauti nyembamba ya kike kama wafanyavyo wenzake. Alisema tu, polepole, kama mtu abebaye bakuli lililojaa.

Sufuria alikuwa ameketi mezani kwa mwanamke huyo, akisifu chakula. Mwanamke akamtazama. Vijei akasema: "Mwanaume anasifu chakula mbele ya kuonja, huyo amekula mahali ingine."

Hilo ni neno la mama yangu. Si methali, halimo katika kitabu chochote, sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Aliwahi kumwambia baba, na tangu hapo akawa analisema kwa mtu yeyote mwenye haraka ya kusifu. Sasa lilikuwa likisikika Onduparaka kwenye spika, na watu wakipiga makofi.

Nilimngoja nje. Alitoka akizungusha waya wa kipaza sauti kwenye kiwiko, mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zilizochanwa.

"Hii filamu ni lugha gani?" nilimuuliza.

"Lugha ya mbali, mwanangu."

"Mimi si mwanao bado. Mbali wapi?"

"Mbali sana."

"Na wewe unaisikia?"

Alizungusha waya raundi nyingine. "Watu inasikia," alisema, akaniaga kwa heshima na kuondoka.

Hilo halikuwa jibu, hilo lilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu. Nilifika nyumbani nikaanza kutazama vitu nilivyokuwa nikivipita. Kigoda cha wageni hakikuwa mahali pake, kilikuwa upande wa kivuli, karibu na mkeka wa mama. Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa, wala si kimoja.

"Nani alikuwa hapa?" niliuliza.

"Mutu ya kununua kifuniko," mama alisema bila kuinua macho.

"Alinunua?"

"Bado anaangalia rangi."

Kifuniko kilichokuwa mapajani mwake nilikuwa nimekiona hapo kwa wiki nyingi. Mama yangu humaliza kifuniko haraka kuliko wajomba wanavyomaliza kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, nikaenda kulala na hasira. Mtu huyu alikuwa akija mimi nikiwa kazini, akichota maneno ya nyumba yetu na kuyatia mdomoni mwa mwanamke wa gauni. Kama aliweza kuyatangaza hayo, angetangaza nini baada ya ndoa?

Ghala lilinituma Koboko kutazama ufuta wa Lobule. Niliomba iwe Jumanne. Baiskeli ziliingia sokoni zimeelemewa magunia, na nilichoma yote upesi kuliko kawaida, Mungu anisamehe kama kuna lililonipita. Kisha nikaenda kwenye banda lake. Nje palikuwa na mama mmoja akiuza chai na mandazi. Nilinunua vyote viwili ili nipate haki ya kuuliza.

"Huyu vijei iko na mke?"

"Alikuwa naye. Alikufa zamani."

"Na mwingine?"

"Hapana."

"Hata wa kujificha?"

Alinikagua kutoka mtandio hadi viatu. "Wewe ni nani? Polisi?"

Nilichukua mandazi yangu nikaingia. Benchi la mbele lilikuwa limejaa wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini, kwa hiyo vijei alichomeka Kiarabu cha Juba hapa na pale, nao wakamjibu kwa miluzi. Kipande kilikuwa kilekile nilichokiona Arua Jumamosi. Sufuria aliruka juu ya maghorofa. Ila sasa hakumtukana mwamuzi yeyote. Alikuwa akilalamika kwamba injini yake ni nzito kuliko baiskeli ya Lobule wakati wa mavuno, na mzee wa radi amegeuka afisa wa mpakani anayetaka kufungua kila mzigo. Karibu kila neno lilikuwa tofauti. Niliwaza: haya, mwongo huyu hapa, filamu moja, hadithi mbili. Nilitamani wajomba wangekuwepo.

Ndipo mwanamke wa gauni akafungua mdomo.

Mimi hukumbuka. Ni kazi yangu kukumbuka alama za magunia mia. Nilikuwa nimeyashika maneno yake yote ya Jumamosi, nikisubiri yapinde. Hayakupinda. Neno la chakula lilikuja kama lilivyokuwa. Lililofuata nalo. Alisitisha palepale alipositisha Arua, alishusha pumzi palepale. Kila kitu bandani mle kilibadilishwa kiwafurahishe watu wa mji, isipokuwa maneno ya mwanamke yule. Hayo aliyaleta mazima, hayakupungua wala kumwagiwa maji.

Watu walipotoka nilibaki benchini.

"Wewe hujui ile lugha," nilimwambia.

"Hapana jua," alisema, kana kwamba nimemuuliza kama anajua kuogelea.

"Na maneno ya Sufuria?"

"Ni yangu. Hapa nasema hivi, Arua nasema vile. Watu inataka kucheka."

"Na ya ile mama?"

Alizima mashine kwanza. "Ile hapana yangu," alisema. "Kitu ya mutu hapana badilisha."

Basi akanieleza, akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mbele ya hakimu. Siku moja alipita kwetu kununua kifuniko cha kumpelekea dada yake. Wakati mama anatafuta rangi, alifungua kile kipande cha filamu kwenye simu, maana alikuwa ameshindwa kujua mwanamke yule ana nini. Alidhani analia kwa kumpenda Sufuria. Mama alichungulia, sindano mkononi, akamwambia: wewe, huyu hapana lia kwa mapenzi, angalia mikono yake, huyu iko na hasira. Akamwambia na anachosema. Vijei alijaribu maneno hayo bandani, na banda, ambalo halinyamazi hata kwa mazishi, lilinyamaza. Tangu siku hiyo kila kipande hukipeleka kwanza barazani kwetu. Sufuria anamtunga mwenyewe. Mwanamke ni wa mama.

"Yeye hapana kuja bandani," alisema. "Mimi naleta banda."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yake nilikuwa nimeifuata mpaka Koboko, na haikuwa imekatika. Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi, nasema wazi. Niliumia. Miaka yote nilidhani namlinda mama, kumbe yeye alikuwa na kiwanja chake cha kucheka na kukasirika, na mimi sikualikwa hata kuketi pembeni. Na nilimwogopa zaidi mtu huyu sasa. Gunia la mchanga unalirudisha kwa mwenyewe. La ufuta safi hulipeleki popote, linaingia ndani na kukaa, na safari hii ndani kulikuwa Koboko. Niliiwaza baraza bila mkeka.

Nyumbani nilipita barazani moja kwa moja hadi kitandani. Mama naye alisuka.

Jumamosi banda la Onduparaka lilijaa hadi watu wakasimama. Mji wa madaraja ulikuwa ukibomoka. Mzee wa radi amenaswa na mashine yake, watu wa bati wanaanguka mmoja mmoja. Katikati ya uwanja kuna roketi, bati na misumari mitupu, tumbo limenona, na moto umeshawaka chini. Sufuria yuko mlangoni juu ya ngazi. Kwa mara ya kwanza amevua kofia, nayo sura yake ni ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka. Amenyoosha mkono. Mwanamke wa gauni yuko kwenye kipago cha kwanza. Hapandi. Anatazama nyuma, huku mdomo wake ukicheza kwa muda mrefu.

Vijei alishusha sauti.

"Mimi nataka kwenda," alisema. "Miguu iko tayari. Lakini nyumbani iko mutu mumoja, binti yangu, anachoma gunia. Hapana mkataze. Acha achome mpaka roho yake ipoe. Yeye hapana amini mutu, kwa sababu baba yake alipokufa, yeye ndiye alisimama mlangoni. Kama yeye hapana sema, mimi hapana panda."

Ndoana ilipita juu kushoto. Picha ikakatika.

Banda lililipuka. Binti gani? Hatukuona binti! Tangu mwanzo hakuna binti! Muuza mihogo wa Aroi alikuwa amesimama juu ya benchi. "Binti iko wapi?" alipaza sauti. "Aseme basi, roketi inaungua!"

Vijei alikuwa akizungusha waya kwenye kiwiko, macho chini, na hakutazama nyuma nilikokaa hata mara moja. Ningemkamata akitazama ningemchukia. Nilivuta mtandio hadi machoni, maana nilikuwa nikilia, na nikatoka na watu wengine wakilalamika kushoto na kulia kwangu juu ya mtoto huyo asiyejulikana alikotoka.

Nilitembea hadi nyumbani. Mama alikuwa barazani. Nilivua viatu, nikavuta kigoda cha wageni kilichokuwa bado upande wa kivuli, nikakikalia. Kile kifuniko kilikuwa kimebakiza duara la mwisho. Nilikigeuza upande wa chini, kwa mazoea, kutazama mafundo.

"Ile mama kwenye ngazi," nilisema.

"Mama gani?"

"Wewe unajua mama gani."

Sindano ilisimama.

"Apande," nilisema. Sauti yangu haikutoka vizuri, nikairudia. "Apande. Lakini kwanza achungulie ndani ya ile chombo. Aangalie kama iko na mafuta ya kufika."

Mama alinichukulia kifuniko mikononi, akakigeuza juu, akaanza duara la mwisho.

"Nilishaangalia," alisema. "Iko."